Keki ya Ragnhild

Kwenye maabara yetu hapa Aarhus, ukikosea unaoka keki. Ijumaa, saa ya kahawa, unaiweka mezani na kulisema kosa lako kwa sauti huku wenzako wanakula. Ragnhild Kjeldsen, mtafiti wa miaka hamsini na kitu, ndiye alikuwa askari wa sheria hiyo. Ukivunja chupa moja tu, huyo mlangoni: "Bwana mdogo, mdalasini usisahau!" Mimi nimeoka mpaka nikadhani diploma niliyoiacha katikati ilikuwa ya upishi.

Yeye na Malthe, mwanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, walikuwa na dawa inayopunguza kasi ya vimeng'enya. Wakiitia kwenye seli za neva, zinarefuka na kutoa matawi kama viazi vilivyosahaulika kabatini. Tasnifu nzima ya Malthe ilisimama juu ya matawi hayo.

Ijumaa iliyopita Ragnhild akaja na keki mwenyewe. Tulishangilia kama goli limeingia.

"Leo mama mkubwa kanaswa!" Asger, jirani yangu wa meza, akapiga makofi. "Umevunja nini, darubini?"

Hakucheka. Alikata vipande, akagawa.

"Dawa yetu haifanyi kitu," akasema. "Kinachootesha matawi ni kile kimiminika tunachoiyeyushia. Seli za kulinganishia niliziwekea maji matupu, nazo zilitakiwa zipate kimiminika hicho hicho. Nimekijaribu peke yake. Matawi yale yale."

Uma wa Asger ulibaki hewani. Malthe akaweka wake chini.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Jumatano nimepeleka tasnifu kuchapwa. Ukanikumbatia. Ukaniambia hongera, mwanangu."

"Nilitaka kukwambia, Malthe. Nikaona nisubiri Ijumaa. Hapa huwa tunacheka, nikadhani... itakuwa nyepesi."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, hajui mikono aiweke wapi. Na sisi tuliokuja na utani tele tukaona aibu kuwa na midomo.

Malthe akamsukumia sahani yake. "Kula wewe."

Akala. Kipande kizima, makombo yanamdondokea kifuani, nasi tumeinamia vikombe. Hakuna aliyethubutu kumpa hata kitambaa. Alipomeza tonge la mwisho, Malthe alikuwa tayari dirishani, simu sikioni, anaongea na mchapaji.

"Simamisheni," alisema. "Ndiyo. Nakala zote."