Maji Laini ya Butembo

Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Butembo. Maabara hatukuwa nayo, ila sanduku la kioo la kufugia samaki, lililoachwa na padri wa kigeni aliyeondoka mapigano yalipoanza. Dada yangu mkubwa, aliyeuza samaki wa chumvi, aliniletea kutoka ziwa Edouard samaki tisa wadogo, wazima, ndani ya bidoni, dumu la plastiki. Siku ya tatu wanne walikuwa wamekufa.

Nilichovya karatasi ya kupimia asidi. Ikageuka njano, namba sita. Maji ya ziwa yanaigeuza karibu buluu, namba tisa. Nikasugua sabuni katika maji yetu ya chemchemi, povu likajaa papo hapo: maji laini, hayana chokaa.

Nikasaga chaki za darasani, nikazimimina sandukuni. Kesho yake sabuni ilikataa kutoa povu, kwa hiyo maji yalikuwa yamekuwa magumu, lakini karatasi ilibaki njano. Chaki ile ilikuwa jasi, isiyopunguza asidi, si chokaa. Mimi mwalimu wa kemia sikulifikiria hilo mapema, na hasira yangu niliwamalizia wanafunzi.

Nikajaribu majivu ya jikoni. Karatasi ikapita namba kumi, na samaki wawili wakapinduka tumbo juu mbele ya darasa zima.

Karatasi zilikuwa zinaisha, na ndege zilizotua kiwanjani Rughenda siku zile hazikuleta vitu vya shule. Nilikata kila moja vipande vitatu. Jioni moja mke wangu alinikuta nikivihesabu.

“Maji ya samaki unapima kila siku,” akasema. “Ya batoto yako haujapima hata siku moja.”

Nilimweleza kwamba karatasi hizi hazionyeshi ugonjwa.

“Donc, basi zinasaidia nini?”

Nikaendelea kuhesabu. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa akiharisha tangu Jumapili.

Nilikuwa nimemwomba dada aniokotee maganda ya konokono ufukweni mwa ziwa, kwa sababu ni ya chokaa, yanayeyuka polepole na hayapandishi namba ghafla kama majivu. Kisha watu wenye silaha wakafunga barabara, naye akakwama Beni, kwa shangazi yetu huko Mulekera, karibu miezi miwili. Samaki wakaendelea kufa, mmoja mmoja.

Aliporudi alitupa gunia juu ya meza yangu. Kwenye kizuizi askari walikuwa wamemwaga maganda yote chini, wakiamini ameficha kitu, wakamkalisha juani mpaka alasiri. Alisema alijaribu kuwaeleza habari ya maji ya samaki, nao wakazidi kumshuku.

“Mudogo wangu,” akasema, “wangeniua bure, juu ya maganda tu.”

Nikamwomba msamaha.

Maganda yalifanya kazi. Wiki ya pili nilichovya kipande cha mwisho kikatoka kijani, kikielekea buluu. Ndani alikuwa amebaki samaki mmoja. Mtoto wetu alikuwa amepona, kwa dawa ya jirani, si kwa elimu yangu.

Samaki yule aliishi zaidi ya mwaka, peke yake, akizunguka juu ya maganda, na wanafunzi wakamchora katika daftari zao. Dada alipopita shuleni hakumtazama. Alikaa mlangoni akinipa mgongo, akauliza kama chai iko.