Kiti cha Farasi

Ukimtafuta Fundi Sponji, fuata makochi. Yamepangwa nje ya mlango wake kama wagonjwa wanaomsubiri daktari: hili limechomoza springi, lile limevunjika mkono, jingine limekaliwa na ukoo mzima hadi likazama katikati. Ndani kunanuka gundi na mbao mpya, na yeye mwenyewe yumo kwenye vumbi la sponji, kabana misumari midomoni, anawajibu wateja kwa nyusi.

Ana sheria moja tu. Hakitoki kiti pale kabla yeye hajakikalia. Anajitupa, anadundadunda, anafumba macho kama mtu anayesikiliza jambo la mbali, kisha anasema, "Kimekubali." Asipolitamka neno hilo, hata ulie machozi ya damu, kiti hukipati. Mjukuu wake, ambaye shule hajaanza lakini ulimi umeshahitimu, amekulia juu ya mabaki ya vitambaa vya babu yake, na sheria hiyo anaijua kuliko anavyolijua jina lake kamili.

Basi siku moja mjukuu huyu alipita na mama yake karibu na uwanja wa farasi. Akaona watoto wenzake wamepandishwa poni, wale farasi wadogo wenye miguu mifupi na nywele za kufunika macho. Tangu hapo nyumba haikupumua. Mama mtu alibanwa na kazi, lakini Babu akajipiga kifua.

"Niachie mimi. Farasi ni kochi lenye miguu, basi."

Na kweli akamwandalia kama kochi. Alikata sponji nene, akaivika mahameli nyekundu, akashona pindo mara mbili, ukatoka mto wa kuwekwa mgongoni mwa farasi. Mjukuu wa Fundi Sponji akalie kitu kigumu? Watu wangesemaje?

Pale uwanjani walipokewa na mtunza farasi, dada mrefu mwenye buti za matope na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alimvika mtoto kofia ngumu, kisha akautazama ule mto.

"Mzee wangu, mtoto amekuja kupanda au kulala?"

"Dada, mimi nimekalisha watu maisha yangu yote."

"Juu ya vitu visivyotembea. Huo utamtelezesha."

"Wewe mjue farasi, mimi nijue kiti."

Dada akashusha pumzi. "Haya. Tutajaribu farasi akiwa amesimama, na mtoto namshika mwenyewe."

Mto ukawekwa juu ya tandiko, mtoto juu ya mto. Poni akajitikisa kidogo tu, kufukuza nzi. Mto ukahama, na mtoto akahama nao, akajikuta ananing'inia kwapani mwa dada kama kuku anayetoka sokoni. Hakuumia hata ukucha. Lakini uso ulikuwa umebadilika.

"Sitaki tena."

"Umeumia?"

"Hapana." Akanyoosha kidole kwenye tandiko. "Babu, kiti hiki ulikikalia?"

Fundi akauokota mto. "Mto niliukalia."

"Juu ya farasi?"

"Mimi nitamvunja mgongo, mama yangu."

"Basi hakijakubali. Twende nyumbani."

Fundi akashika kiuno. Woga aliujua, ni kama mkunjo wa kitambaa. Ukipigilia misumari mkunjo ukiwa bado upo, utaukuta hapohapo miaka yote. Wakiondoka sasa, huyu mtoto atakuwa mtu wa kuwaogopa farasi hadi uzeeni, na fundi wa woga huo atakuwa babu yake.

"Dada yangu," akasema, "hilo tandiko linavuliwa?"

Lilivuliwa, likawekwa juu ya boriti nene ambapo matandiko hupumzishwa. Fundi Sponji akaweka mto wake juu, akavuta suruali yake ya kutokea, akapanda, tumbo likitangulia. Watoto waliokuwa kwenye foleni walishangilia.

"Babu, kaza hatamu!"

"Boriti ina mbio hiyo, angalia!"

Alidunda mara ya kwanza, mto ukampeleka kushoto. Alidunda tena, akakumbatia hewa. Mtunza farasi akajikohoza.

"Mwiba wa kujichoma..."

"Najua, hauambiwi pole. Usiniambie, basi." Akauchomoa mto, akautupa chini. "Huu ni wa kochi. Nilikosea."

Akakaa juu ya ngozi tupu. Akabana mapaja, akadunda, akafumba macho. Foleni nzima ikamkodolea macho, wala hakuna aliyejua inasubiri nini.

"Kimekubali," akasema.

Mjukuu akamwendea poni mwenyewe, akanyoosha mikono apandishwe.

Dada aliongoza kwa kamba. Fundi alitembea pembeni, kiganja kimeganda mgongoni mwa mtoto, mpaka walipofika kwenye kona.

"Babu, toa mkono. Unaniyumbisha."

Akautoa. Mtoto hakuyumba. Alikaa wima kama msumari uliogongwa vizuri, na Fundi akabaki nyuma, kiganja wazi, kinywa wazi.

Waliporudi, mtoto hakushuka. Alidunda kidogo, akafumba macho, akasikiliza.

"Kimekubali," akatangaza.

"Vizuri. Sasa shuka, wenzako wanangoja."

"Kiti ndicho kimekubali, Babu. Farasi bado sijamjaribu."

Dada akaangua kicheko, akaitazama foleni, foleni ikapiga kelele kwamba aende tena. Poni akageuzwa. Fundi Sponji akaokota mto wake mwekundu, akaupangusa vumbi, akaukalia kando ya uzio. Chini pale, ulikuwa umetulia kabisa.