Murdina Alivyopewa Mume Mezani

Upande wetu wa magharibi wa kisiwa cha Lewis, Uskoti, hakukuwa na msokotaji wa sufu aliyemfikia Murdina. Uzi wake ulikuwa mwembamba na haukatiki, na rangi ya hudhurungi aliichemsha mwenyewe kwa kuvu kavu aliyoikwangua kwenye mawe. Alipokuwa na miaka thelathini na tisa baba yake alipooza, akamuuguza miaka kumi na tisa. Siku tuliyomzika mzee, Murdina alikuwa na mvi kichwa kizima, na hajawahi kuposwa.

Mwaka uliofuata Torcuil, mfugaji wa kondoo wa huko juu kilimani, alifiwa na mkewe. Murdina alimwona kanisani soksi zimetoboka visigino. Majira yote ya baridi akawa anamfumia. Kila Jumamosi alitundika pea moja kwenye geti la Torcuil na kuondoka bila kugonga. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, Dolina, mtoto wa shangazi yake, siku walipokuwa wakichana sufu pamoja.

Dolina alikuwa mjane, mcheshi, sauti yake tamu, na kufuma hakujui kabisa. Nyumba yake ilikuwa karibu na geti lile. Torcuil alipomwona akipita hapo, alidhani ndiye, akamshukuru kwa soksi.

"Acha, bwana," Dolina alimjibu. "Mguu wa mtu haufai kukaa na baridi."

Ilipofika Pasaka walitangaza kwamba wataoana Oktoba. Murdina alidhani kapendwa mwenzake tu, basi.

Tamasha la urithi wetu hufanyika Julai kwenye uwanja wa kijiji. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu na usubi wa kuuma, na wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji. Murdina alisokota tangu asubuhi, watu wamemzunguka na kamera zao. Saa sita tulipanga foleni ya chai, mimi nyuma yake. Mbele yetu Torcuil alikuwa akiwaringia wanaume wenzake. Alipandisha suruali kuonyesha mguu.

"Hizi kanifumia Dolina. Pea kumi na tatu. Mnaona mwanamke huyo?"

Murdina alikuwa ameshika kikombe. Hakukiangusha. Alikirudisha mezani na kutoka kwenye foleni, na mimi sikuelewa kwa nini.

Alasiri ilikuwa zamu ya kuponda kitambaa. Tulikaa wanawake kumi na wawili kuizunguka meza ndefu, kitambaa cha sufu kimeloweshwa maji ya sabuni, tunakipiga na kukisukuma kwa pamoja mpaka kikazane. Uzi wa kitambaa kile aliusokota Murdina. Mmoja huimba ubeti, wengine huitikia. Desturi ya tangu zamani ni kwamba asiye na mume hupewa mwanamume ndani ya wimbo, naye hukubali au hukataa, watu wacheke. Mwimbishaji alikuwa Dolina. Nadhani alikuwa ameiona sura ya Murdina kwenye foleni, akaona heri amfanye kichekesho kabla hajasema lolote. Alimtazama usoni akaimba:

"Murdina tumpe nani, umri umeshapaa?
Tulimpa na kondoo, kondoo kamkataa."

Wenyeji waliangua kicheko. Wageni, ambao Kigaeli hawakijui hata neno, walipiga makofi kwa kufuata mdundo. Tukaitikia. Mimi pia niliitikia, kwa sauti kubwa, maana wimbo ulikuwa umenoga. Dolina aliongeza beti mbili, moja ya kitanda cha baridi, nyingine ya mwanamke aliyezeeka akibadilisha nepi za babake. Murdina aliendelea kupiga kitambaa. Mikono yake haikupoteza mdundo hata mara moja.

Zamu ilipomfikia, aliimba bila kuinua kichwa:

"Soksi alizovaa bwana, mfumaji wake nani?
Mpeni bibi sindano, afume hapa mezani."

Wachache waliitikia. Dolina alipauka, kisha akayakodolea macho maji ya sabuni. Kila mwanamke pale mezani alijua kwamba Dolina hawezi kufuma kisigino. Torcuil alikuwa amesimama mbele ya watu. Alimtazama Dolina, akamtazama Murdina, akatazama miguu yake.

"Kumbe ni wewe, Murdina?"

"Ni mimi."

Alijikuna shingo. Wanaume walikuwa wakimsubiri. "Basi nilimshukuru asiyehusika," alisema. "Lakini, dada yangu, usinune. Mtu haoi soksi."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akamwaga bia yake. Dolina naye, alipoona kapona, alicheka, akaanza ubeti mwingine. Tukaitikia.

Tulipomaliza Dolina alimfuata Murdina nyuma ya hema. Mimi nilikuwa nakamua taulo karibu, nikawasikia.

"Ungeniambia pembeni, shoga. Unaniaibisha mbele ya watu?"

"Pembeni nilishakwambia. Tulikuwa tunachana sufu."

"Sasa ulitaka nifanye nini? Ulikuwa unatundika na kukimbia kama mwizi. Mwanamume angekujuaje?"

Murdina alirudi kwenye gurudumu lake la kusokotea kwa sababu wageni walikuwa wakingoja, akasokota mpaka saa kumi na moja. Mama mmoja mgeni alimuuliza wimbo ule ulihusu nini.

"Kazi," Murdina alimwambia. "Ni wimbo wa kazi tu."

Harusi ilifanyika Oktoba. Nilikwenda, nikala, nikacheza. Tamasha lililofuata Murdina alituma neno kwamba vidole vinamuuma na hataweza kusokota. Wiki ile ile nilimwona uani kwake akikamua blanketi zito lililolowa maji, peke yake, kwa mikono miwili. Aliniona nimesimama njiani. Nilimpungia. Alianika blanketi, akaingia ndani, akafunga mlango.