Kidonge Kilichomkubali Fundi wa Pampu za Upepo

Saa nne asubuhi upepo unavuma kutoka kusini, na Apools Bostander amekaa juu ya mnara wa pampu ya upepo. Miguu inaning'inia, mkanda umefungwa kwenye chuma, mkono mmoja umeshika simu. Chini ni Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, mawe na vichaka tupu, na kondoo wanaosubiri maji.

"Unalala?" inauliza simu.

"Nalala, Daktari."

"Unakula?"

"Nakula nikikumbuka."

"Apools."

"Nakula, Daktari. Nakula."

Anayeuliza ni Dk. Prenesha Moodliar, daktari wa magonjwa ya akili aliyeko Durban, mji ambao Apools hajawahi kuufikia. Wanaonana mara moja kwa mwezi kwenye kioo cha simu, tena lazima iwe juu ya mnara, maana huku chini mtandao haushiki. Kampuni za simu zilisema watu wa huku ni wachache mno kujengewa mlingoti. Ajabu ni kwamba wakati wa kura huwa ni wengi.

Mafundi wenzake mjini Vlakwater hawakumwacha salama. "Apools, ukiongea na Mungu huko juu, mwulize mvua ya lini."

"Namba yake haipatikani," huwajibu. "Nimempata daktari tu."

Ana miaka arobaini na sita. Aliacha shule darasa la sita, baada ya kuchapwa kila siku kwa kutazama dirishani. Dawa yake wakati ule ilikuwa fimbo, na haikumponya. Akili yake, anasema, ni kama kondoo waliofunguliwa zizi: ukimshika mmoja, tisa wamekwenda.

Mwaka juzi, katikati ya kiangazi, alipanda mnara kwenye shamba la Bwana Lourens, mwenyekiti wa chama cha wafugaji, kubadilisha oili ya gia. Akaimwaga ya zamani. Kabla hajatia mpya akaona bawa la gurudumu la upepo limelegea. Akashuka kuchukua spana. Njiani akaona bomba linavuja, akaliziba, akaridhika, akawasha gari akaondoka.

Gia zikasagana zikakwama. Kondoo walikutwa wamekufa kuzunguka hori kavu.

"Kijana, nakupenda," Lourens alimwambia. "Lakini nikiona kosa lingine kama hili, mashamba yote ya chama naweka pampu za sola."

Mtu mzima yule, na bado anaitwa kijana. Akajibu, "Ndiyo, Bwana." Angejibu nini? Pampu za chama ndizo karibu kazi yake yote.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemsikiliza kwanza. Akamwambia huenda ana ile hali madaktari wanayoiita ADHD, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, na kwamba dawa zipo. Lakini aandikiwe na nani? "Kaka," muuguzi alisema, "daktari wa akili hapa tunaye kwenye karatasi tu." Kiti chake hospitali ya wilaya hakijakaliwa kwa miaka. Wakubwa wakiulizwa, wanasema bajeti. Wakiumwa wao, tunasikia tu wamesafiri.

Ndipo Apools akatafuta daktari wa kwenye simu, kwa pesa yake. Mazungumzo ya kwanza yalikula randi elfu moja na mia mbili.

Kidonge cha kwanza kilimshangaza. "Nilifungua gia, nikasafisha, nikatia oili, nikafunga. Hivyo tu, moja baada ya jingine. Nikakaa garini nikalia. Nikasema, kumbe wenzangu wote huwa wako hivi?"

Haikudumu. Baada ya wiki chache moyo ulianza kudunda, anasema, kama pampu inayovuta hewa. Mikono ikatetemeka, naye yuko juu ya mnara. Daktari akapunguza kipimo, moyo ukaendelea kudunda. Akamuuliza kama anakunywa kahawa.

"Kikombe kimoja, asubuhi," Apools alijibu.

Basi daktari akambadilishia. Dawa ya pili ilikuwa ya polepole na ilimchafua tumbo. "Nilitapika kutoka juu. Kondoo wakanitazama." Akili ikarudi kutangatanga. Siku moja alipanda bila kufunga breki, gurudumu likazunguka, nusura limkate vidole. Habari zikafika kwa Lourens. Wiki hiyohiyo muuza sola akaonekana shambani na mkanda wa kupimia.

Apools alipompigia daktari kumwambia anaacha dawa zote, alikuwa juu ya mnara wa Bibi Siena Visagie, mkulima mzee anayeishi peke yake. Bibi akapaza sauti kutoka chini.

"Apools, shuka! Kikombe chako cha tatu kinapoa!"

Kwenye simu, daktari naye akasikia.

"Cha tatu?" akauliza daktari.

"Ni cha hapa tu, Daktari."

"Na shamba ulilotoka?"

"Pale walinipa viwili. Ni watu wa dini."

"Apools, si nilikuuliza?"

"Uliuliza ninachokunywa, Daktari. Hii napewa."

Huku birika halitoki jikoni kuanzia alfajiri, na ukikataa kahawa umeikataa nyumba. Hakuna anayeihesabu. "Kahawa ya watu si kinywaji," Apools anasema. "Ni salamu."

Kumbe kilichomdundisha moyo ni kahawa juu ya kidonge. Akarudishiwa kidonge cha kwanza, kahawa ikapigwa marufuku. Presha akapimwa kliniki kila wiki. Moyo ukatulia. Dawa ikamkubali. Muuza sola hakurudi, na mwezi uliopita Lourens alimwachia pampu zote za chama isipokuwa mbili. Hakumwambia pole. Alisema, "Kijana, umetulia."

Ametulia, kweli. Anatembea na chupa yake ya rooibos, chai nyekundu isiyo na kafeini. Mwanzoni wenye mashamba waliulizana wamemkosea nini. Sasa hawamtolei kikombe. Anapanda, anatengeneza, anashuka, anapungiwa mkono kutoka dirishani.

"Zamani nilikuwa nasahau kuondoka," anasema. "Sasa saa tano nimemaliza, na siku nzima iko mbele yangu. Kichwani mlikuwa na kelele nyingi. Zilipoisha, ndipo nikasikia nyumba yangu ilivyo kimya."

Kwa hilo hakuna cheti cha dawa kinachoandikwa, Durban wala kwingineko.

Jumapili, siku asiyopanda mnara, daktari amemruhusu kuruka kidonge cha siku hiyo na kunywa kikombe kimoja cha kahawa, kimoja tu. Jumapili hii anataka kwenda kukinywa kwa Bibi Siena. Ameshafua shati.

"Vifaa nitaviacha nyumbani," anasema. "Ila sijui nitasema nimefuata nini. Bibi yule hajawahi kuniona mlangoni kwake bila kitu kuharibika."