Kikombe cha Mgeni

Jioni niliyofika nyumbani kwetu Kikwajuni, mama alinifuturisha kwa chai iliyotiwa kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Vikombe vile hukaa kwenye kabati la vioo, na tangu utoto wetu ilikuwa marufuku kuvigusa, maana ni vya wageni. Wengine wote pale mkekani walikuwa na vikombe vyao vya bati. Nikamtazama mdogo wangu, naye akauinamia uji wake kama hajaona kitu.

Iliniuma. Miaka minne ya kuishi Uingereza, ya kula Sikukuu peke yangu na simu mkononi, nilikuwa nikiota kurudi kuwa mtoto wa nyumba ile: nitumwe, nifokewe, nigombanie nafasi mkekani. Badala yake nikawa mgeni. Nikishika ufagio, nanyang'anywa. Nikikalia mbuzi nikune nazi, mdogo wangu ananiinua. Mama alisema kwa upole kwamba nimeshazoea maisha ya huko, nisijichoshe, na upole ule ndio ulionichoma zaidi. Mama yangu si mtu wa upole. Mama yangu ana sauti inayofika Forodhani, kule ufukweni. Nikaapa sipandi ndege kurudi kabla sijafokewa.

Nafasi ikaletwa na mwezi. Mama alikuwa ameshikilia kwamba mwaka huu tunafunga thelathini, mwezi hautaonekana siku ya ishirini na tisa, basi maandalizi yote akayapangia kesho yake. Tulipokwisha kufuturu, redio ikatangaza kwamba mwezi umeandama. Mtaa mzima ukalipuka kwa furaha, mama akakimbilia jikoni. Hata mchele wa mikate ya kumimina ulikuwa bado kurowekwa.

Asubuhi wanaume walikwenda kuswali, nasi tukabaki na vurugu jikoni. Mama alikuwa amefungika kwenye bokoboko, ngano na nyama zinazopondwa kwa mwiko bila kupumzika mpaka zishikane; ukiliacha kidogo, linaungua chini. Mdogo wangu alikuwa na mwanawe kifuani, aliyegoma kunyamaza. Na rojo la mchele na tui lilikuwa limeumuka mpaka ukingoni mwa bakuli, likingoja zaidi linachachuka. Baba na ndugu zake wakirudi msikitini huutaka mkate ule kabla ya kitu kingine chochote.

Nikavua saa, nikakunja mikono ya gauni langu jipya, nikachuchumaa mbele ya seredani iliyojaa makaa.

"Utajichoma," mama alisema.

"Nshajichoma mara ngapi, mama, kwenye seredani hii hii?"

Nikamimina.

Kumimina kwenyewe si kazi. Kazi ni kupindua. Mkate ukishaiva chini na kutoboka vitundu juu, unaishika sufuria na kuilaza kifudifudi juu ya seredani, uso wa mkate uyaelekee makaa upate rangi. Ukiwahi, mkate wote unaanguka motoni na mtaa mzima unanusa aibu yako. Ukichelewa, unatafuna kamba. Kipimo ni jicho tu. Kule ninakoishi naupika kwenye oveni, maana nikiwasha makaa king'ora cha moshi kitawatoa majirani nje, na mkate wa oveni, tusidanganyane, ni keki iliyokosa adabu.

Nikangoja. Nikasikia mwiko wa mama umesimama. Nilijua ananitazama, na nilijua ukianguka huu basi nitanywea dhahabu maisha yangu yote. Nikapiga bismillahi, nikapindua.

Ukashika. Harufu ya iliki na nazi ikapanda, na nilipoigeuza sufuria, uso ulikuwa umeiva rangi sawasawa kila upande. Nilitaka kupiga kigelegele, nikajizuia. Wa pili ukashika. Wa tatu niliupindua kwa mkono mmoja, kwa maringo tu, mama akaona, akasonya. Msonyo ule ulikuwa mtamu kuliko salamu zote nilizopokewa nazo uwanja wa ndege.

Wanaume waliporudi, mdogo wangu alifungua kabati la vioo akatoa vikombe vya ami zetu, akaongeza na changu. Mama akamsimamisha.

"Hicho rudisha. Huyu ana chake cha bati." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umekaa kitako hapo unangoja nini? Masufuria yatajikosha yenyewe?"

"Naam, mama," nikaitika, nikaondoka mbio kabla hajabadili mawazo.

Niliyakosha yote uani, gauni la Sikukuu limerowa mpaka magotini, huku mama akinifokea kutoka jikoni kwamba namaliza maji ya pipa. Majirani walisikia. Nami nikazidi kuyamwaga, ili apandishe sauti wasikie na wa Forodhani.