Usukani Ulionyooshwa kwa Macho

Dada yangu mkubwa ni fundi wa magari, na hupima kama magurudumu yamenyooka kwa uzi wa kushonea viatu, na mtaa mzima unamwita Mama Uzi. Mimi mdogo wake nilikuwa naona haya. Nimemwambia mara ngapi, dada, dunia imebadilika! Ananijibu, "Ibadilike tu, magurudumu bado manne." Utabishana vipi na mtu kama huyo?

Siku moja hakuwepo kwenye gereji yetu, nami nikajitia ujuzi. Mkunga wa zahanati ya mlimani alileta gari la kazi liinuliwe, maana mvua zilikuwa zimechimba barabara hadi tumbo la gari likawa linakwaruza mawe. Nikaweka springi ndefu, gari likapanda juu, likapendeza. Tatizo, usukani ukawa umekaa upande ilhali magurudumu yanatazama mbele. Nikafanya nini? Nikaung'oa, nikaurudishia umenyooka. Kazi kwisha. Nilijisifu wiki nzima, mjinga mimi.

Siku ya nane mkunga alirudi amekaa kiti cha abiria, shemeji yake ndiye anaendesha. Alisema alipokata kona usukani ulikataa kurudi, gari likamvuta mpaka ukingoni, gurudumu moja likabaki hewani.

"Sishiki tena huo usukani," aliniambia. "Msipolitengeneza, Ijumaa narudisha ufunguo ofisini na kuomba uhamisho."

Huko juu hakuna mkunga mwingine. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Dada hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alilala chini ya gari, akatoka akijipangusa mikono.

"Umenyoosha kwa macho," alisema. "Boksi la usukani lenyewe, lile lenye gia zinazogeuza magurudumu, bado limekaa upande."

Akanieleza taratibu. Ukiinua gari, rodi inayotoka kwenye boksi kwenda magurudumuni hulala kwa pembe nyingine, ikawa kama imefupika. Dawa ni kuirefusha rodi, siyo kuubembeleza usukani. Na ekseli ya mbele nayo ilikuwa imelala vibaya, ndiyo maana usukani haukurudi wenyewe baada ya kona. Hapo tukapachika kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Ikaja zamu ya uzi. Kila akirekebisha rodi kidogo, tunashusha jeki, tunalisukuma gari hatua tatu mbele, hatua tatu nyuma, lijikalie vizuri, ndipo anapima. Na hapimi gari tupu, maana uzito wa dereva hubadilisha vipimo. Alimwomba mkunga akae kwenye usukani, mkunga akatikisa kichwa.

"Basi panda wewe," dada akaniambia. "Tumbo hilo linatosha watu wawili."

Mkunga akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Tulirudia mara sita, kupanda na kushuka, mpaka mgongo ukafa ganzi.

Alhamisi asubuhi tukalitoa kulijaribu. Mimi niliendesha, mkunga pembeni, dada nyuma na sanduku la spana. Tulipofika mahali pamenyooka mkunga akasema, "Achia."

Nikaachia. Gari likaenda lenyewe, sawasawa, haliendi kushoto wala kulia. Mbele nikakata kona, na nilipolegeza mikono usukani ukarudi katikati wenyewe. Jamani, nilitaka kulia.

"Simama," mkunga akasema.

Nikasimama, nikidhani amesikia mlio.

"Shuka, baba. Na dada yako pia."

"Kuna nini tena, mama?"

Alizunguka, akapanda upande wa dereva, akavuta kiti mbele. Akaushika usukani ule ule aliokuwa ameukataa, akatia gia.

"Na sisi?" nikauliza. Gereji ilikuwa kilomita nne nyuma.

"Mtatembea," alisema. "Mimi nina watu wananisubiri huko juu."

Akaondoka, na dada yangu akaanza kupiga vigelegele katikati ya barabara.