Upole wa Daktari wa Kifua

Daktari wetu wa kifua ana mdomo mkali. Hulitukana gurudumu bovu la mashine ya ultrasaundi akiiburuta kitanda hadi kitanda, hutufokea sisi wauguzi, na mgonjwa akilalamika kwamba jeli ni baridi humjibu, "Ulitaka nikuchemshie?" Jana alimfikia fundi cherehani mmoja, uso umemvimba, mishipa ya shingo imemtuna. Mkewe alikuwa anatabasamu. "Siku hizi ananenepa tu, daktari. Hata majirani wananisifu."

Daktari akamwekea kifaa juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. "Vuta puani kwa nguvu, kama mtoto mwenye makamasi." Fundi akavuta. Kwenye kioo cha mashine, mshipa uliopaswa kunywea ukabaki umejaa vilevile, maana kuna kitu kifuani kilichoiziba njia ya damu kurudi moyoni. "Vuta tena, baba," akasema, sauti imeshuka. Haukunywea. Akachukua kitambaa, akamfuta jeli kwa mkono wake, taratibu, mpaka nyuma ya sikio, kisha akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja.

Sisi tunaomjua tukainamisha macho. Mke akaninong'oneza kwa furaha, "Kumbe watu wanamsingizia tu. Ana roho nzuri huyu."